Ndege Hainunuliwi Pamoja na Rubani Wake

Kila mwaka Waheshimiwa Wabunge wa Bara na wa Visiwani wanapokutana Dodoma kuyajadili makadirio ya matumizi ya Serikali, fungu la ulinzi nalo huletwa mbele yao. Mambo ya ulinzi yana siri zake, na mwananchi mwenye busara hadai kuambiwa kila kitu hadharani. Hata hivyo ulinzi ni jambo la Muungano. Anga ya Pemba na anga ya Kongwa ni anga moja, na shilingi ya mkulima wa karafuu na shilingi ya mkulima wa zabibu huingia katika mfuko mmoja. Kwa hiyo si kosa, wala si uvunjaji wa siri, wananchi wakiuliza swali moja: katika kuilinda anga yetu, fedha yetu inunue nini kwanza, chombo au ujuzi wa mtu atakayekiendesha?

Sisi tunasema ujuzi utangulie. Hatusemi hivyo kwa kuzidharau zana, kwa maana askari aliyepewa rungu akapambane na mwenye bunduki amedhulumiwa na wakubwa wake. Tunasema hivyo kwa sababu ndege huuzwa lakini rubani hauzwi. Mkataba wa ndege huweza kutiwa sahihi kwa siku moja. Rubani wa vita hulelewa kwa miaka, na akiacha kuruka kwa miezi michache tu ujuzi wake huanza kuota kutu kabla ya ndege yenyewe.

Nyanda za kati zinalijua somo hili tangu kabla ya Uhuru. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaliletwa kwa mamia, mengi yakiwa mabaki ya vita, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini madereva walikuwa hawajafundishwa vya kutosha, karakana na vipuri havikutosheleza, udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua ikawa ile ile wanayoijua Wagogo, haba na isiyo na ahadi. Kabla ya mwaka huo kwisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Mwaka 1951 mradi ulifutwa na mamilioni ya paundi yakapotelea katika vumbi la Ugogo. Mashine zilikuwapo. Kilichokosekana ni ujuzi wa kuziendesha, na elimu ya mahali zilipopelekwa.

Yaliyotokea ardhini Kongwa yanaweza kutokea angani, tena kwa gharama ya roho za watu. Vita vya Kagera vilituonyesha hayo kwa macho yetu.

Nduli Idi Amin alipoivamia nchi yetu mwezi Oktoba 1978, hakuwa mnyonge wa zana. Alikuwa na ndege za MiG-21 na MiG-17 kutoka Urusi, nasi tulikuwa na ndege za jamaa hiyo hiyo. Kama vita vya angani vingeamuliwa kwa kuhesabu ndege na kulinganisha kasi zake, mtu asingethubutu kutabiri mshindi. Lakini Amin alikuwa ameibomoa shule yake kwa mikono yake mwenyewe. Marubani wake wa kwanza walifundishwa na Waisraeli. Mwaka 1972 akawafukuza walimu hao na kuwageukia Warusi, yaani alimbadilisha mwalimu katikati ya somo. Mwezi Julai 1976 makomandoo wa Israeli walipovamia Entebbe waliziteketeza ndege zake kadhaa zikiwa zimeegeshwa. Juu ya yote, utawala wake uliwaua na kuwakimbiza maofisa wengi wenye elimu, na jeshi ambalo ofisa wake analala akimwogopa mkubwa wake kuliko adui haliwezi kufundishana ukweli. Majeshi yetu yalipouteka uwanja wa Entebbe mwezi Aprili 1979, yalizikuta ndege za kivita zimekaa chini.

Rafiki yake Amin, Libya, naye alikuja na chombo kikubwa zaidi. Tarehe 29 Machi, 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, yenye kwenda kasi kuliko sauti, ilipelekwa kuushambulia mji wa Mwanza. Ililenga matangi ya mafuta, lakini silaha zake ziliangukia hifadhi ya wanyama ya Kisiwa cha Saanane. Wanyama wa Saanane ndio walioumia, na mafuta ya Mwanza yakasalimika. Hapakuwa na upungufu wa kasi wala wa urefu wa safari katika ndege ile. Upungufu ulikuwa katika kulenga, na kulenga ni kazi ya mtu aliyefundishwa akazoea.

Tusijisifu tukasahau upande wetu. Katika siku za mwanzo za vita hivyo ndege tatu za kivita za Tanzania ziliangushwa kwa makosa, karibu na Musoma, na walinzi wetu wenyewe wa kutungulia ndege. Tunalitaja jambo hili kwa heshima ya wanajeshi wetu wa siku hizo, ambao mwishowe waliuleta ushindi, na kwa sababu somo lake lina thamani kubwa. Marubani wale hawakushindwa na adui, na makombora yaliyowapiga hayakuwa na hitilafu. Yalifanya kazi barabara. Kiunganishi kati ya aliye angani, anayeongoza safari kutoka chini na aliyeshika kombora ndicho kilichokatika. Kiunganishi hicho hakiuzwi na kiwanda chochote duniani. Hutengenezwa kwa mazoezi ya pamoja, mchana na usiku, mpaka kila mmoja aijue sauti na ishara ya mwenzake.

Lipo na somo la kumtegemea mwalimu wa kigeni, na ndugu zetu wa Visiwani wanapaswa kulijua kwa kuwa liliwagusa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba, 1964. Walioanza kukisaidia kikosi chake cha anga walikuwa Wajerumani wa Magharibi. Mapema mwaka 1965 waliondoa msaada wao wa kijeshi kwa hasira, kwa sababu Jamhuri ya Muungano ilikubali Ujerumani ya Mashariki, ambayo Zanzibar ilikwisha kuitambua, iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Serikali haikupiga magoti. Wakaja Wakanada wakafundisha mpaka mwaka 1970, kisha Wachina, waliojenga uwanja wa ndege za kivita wa Ngerengere, mkoani Morogoro. Heshima ya nchi ilihifadhiwa, lakini mwanafunzi aliyebadilishiwa walimu mara mbili katika miaka michache hulipa gharama ya lugha, ya vitabu na ya desturi. Taifa huwa huru angani siku linapokuwa na walimu wake lenyewe.

Majirani zetu nao wanashuhudia. Mwezi Julai 1977 majeshi ya Somalia yalivuka mpaka na kuingia Ogaden. Somalia ilikuwa na MiG-21, ambazo kwa kasi ziliziacha nyuma F-5 za Ethiopia. Lakini marubani wa Ethiopia walitoka katika jeshi la anga lenye mila ya mafunzo ya miaka mingi, na wengi wao walisoma Marekani. Walijua ndege yao iweze nini na isiweze nini, na walijua kumvuta adui mahali ambapo kasi yake haimsaidii. Waliitawala anga ya Ogaden kabla msaada mkubwa wa Warusi na Wakuba haujafika.

Walio mbali na matajiri nao walijifunza kwa machungu. Huko Vietnam, kati ya mwaka 1965 na 1968, marubani wa Marekani walikuwa na ndege za Phantom zenye rada na makombora ya kisasa, na wataalamu walikwisha kusema kwamba zama za ndege kufukuzana ana kwa ana zimepita. Hata hivyo, kwa kila ndege mbili au tatu walizoangusha walikuwa wakipoteza moja. Mwaka 1969 jeshi la majini la Marekani lilifungua shule maalumu huko Miramar, California, ambako marubani walipambanishwa na walimu walioruka kama adui anavyoruka. Mapambano yaliporudi kwa nguvu mwaka 1972, marubani wa jeshi la majini waliangusha ndege zaidi ya kumi kwa kila moja waliyopoteza. Wenzao wa jeshi la anga walikuwa wameiboresha zaidi ndege, hata kuiwekea mzinga, lakini mafunzo yao hayakubadilishwa kwa namna ile, na hesabu yao ikabaki karibu pale pale. Ndege ilikuwa Phantom kwa wote wawili, na adui alikuwa mmoja.

Wajapani walionyesha upande wa pili wa sarafu hiyo. Mwaka 1941 marubani wao wa majini walikuwa miongoni mwa walio hodari kabisa duniani. Walipouawa vitani hawakuwa na akiba ya walimu wala mafuta ya kuwafundishia wengine. Katika mapigano ya Bahari ya Ufilipino, mwezi Juni 1944, vijana waliopelekwa wakiwa na mafunzo haba walipoteza ndege zaidi ya 300 kwa siku mbili. Viwanda vya Japani vilikuwa bado vinatoa ndege. Watu wa kuzirusha ndio waliokwisha.

Wako watakaotujibu kwamba hayo ni ya zamani. Watasema siku hizi kombora humfikia adui kabla hajaonekana kwa macho, rada huona mamia ya kilomita, na ndege nyingine hazina rubani kabisa. Hoja hii ina uzito, na hatuitupi. Katika vita vya visiwa vya Falkland, mwaka 1982, marubani wa Argentina walikuwa mashujaa na Mirage zao zilikuwa na kasi kuliko Harrier za Waingereza. Lakini Waingereza walikuwa na kombora jipya, na Waargentina walifika wakiwa na mafuta ya dakika chache tu za kupigana. Hakuna Harrier hata moja iliyoangushwa katika mapambano ya ndege kwa ndege. Ushujaa haukuziba pengo la zana.

Hata hivyo tutazame vizuri. Kombora lile lilikuwa mikononi mwa marubani waliojua kulitumia, waliozoea kuruka kutoka melini katika hali mbaya ya hewa. Nayo mabomu kadhaa ya Waargentina yaliyozipiga meli za Waingereza hayakulipuka, kwa kuwa yalitupwa kutoka chini mno hata vilipuzi vyake havikupata muda wa kujiandaa. Kadiri chombo kinavyokuwa cha kisasa, ndivyo kinavyodai elimu zaidi kwa anayekigusa. Ukraine iliahidiwa ndege za F-16 mwaka 2023, na za kwanza zilionyeshwa nchini humo mwezi Agosti 2024. Katika muda huo wote marubani na mafundi walikuwa darasani ng'ambo, na nchi iliyokuwa ikipigwa mabomu kila siku ililazimika kusubiri. Hata ndege isiyo na rubani ndani yake ina mrushaji aliyeketi chini, fundi wake na msomaji wa picha zake. Mtu hakuondolewa kazini. Amehamishiwa kiti kingine.

Hapa Dodoma penyewe pana somo la kila siku. Mji huu uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, na jua la mchana huipunguza uzito zaidi. Ndege inayoinuka kwa urahisi kutoka uwanja wa Unguja, ikiwa na mzigo ule ule, huhitaji kukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kuinuka Dodoma. Injini hupata hewa pungufu na bawa hushika kidogo. Uwanja mpya wa Msalato umepangiwa njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6, na hilo ni jambo jema. Lakini njia ndefu haimfundishi rubani kupiga hesabu ya uzito, joto na upepo. Makao makuu ya Serikali yako juu ya uwanda huu, na visiwa vyetu viko kwenye usawa wa bahari, kwenye unyevunyevu na chumvi inayokula bati la ndege. Anayeilinda nchi hii sharti azijue anga zote mbili, na fundi wake azijue kutu zote mbili.

Watu wa Visiwani hawahitaji mhadhara mrefu juu ya jambo hili. Wanajua kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Wanakumbuka meli ya MV Spice Islander I iliyozama Septemba 2011 ikiwa imejazwa watu na mizigo kupita kiasi. Hakuna injini wala bati linaloweza kumwokoa abiria pale nidhamu ya uendeshaji inapokufa. Linalosemwa juu ya bahari ndilo tunalolisema juu ya anga.

Ugumu wa jambo hili kwa viongozi ni kwamba ndege huonekana na mafunzo hayaonekani. Ndege mpya ikipita juu ya uwanja siku ya sherehe, wananchi hushangilia, na wana haki ya kushangilia. Saa mia za mazoezi hazina gwaride. Hugeuka moshi, na mwisho wa mwaka mhasibu huziona kama mafuta yaliyoungua. Ndiyo maana fedha inapopungua, saa za kuruka ndizo za kwanza kukatwa, katika nchi tajiri na maskini vile vile. Nchi za NATO zilijiwekea kipimo cha saa 180 kwa mwaka kwa rubani wa ndege ya kivita, nazo mara kwa mara hushindwa kukifikia. Sisi si lazima tuige kipimo chao. Lakini sharti tuwe na kipimo chetu, kijulikane na wakubwa wanaohusika, na kisiguswe.

Hatujasahau pia kwamba mnunuzi asiyekuwa na wataalamu wake huuziwa anachotaka muuzaji. Mkataba wa rada wa paundi milioni 28, ulioruhusiwa na Serikali ya Uingereza mwaka 2001, ulizua maswali makubwa huko na huku. Mwaka 2010 kampuni ya BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutoweka hesabu sawasawa, na ikatoa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo, ambazo wananchi waliziita chenji ya rada, zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Ni ajabu ya aina yake kwamba fedha ya mtambo iligeuka kuwa fedha ya elimu baada tu ya mahakama kuingilia. Yafaa safari hii tuanze na elimu wenyewe, bila kusukumwa.

Kwa hiyo tunaishauri Serikali mambo manne. Kwanza, Kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi, katika vikao vyake vya faragha, isipitishe ununuzi wa chombo chochote cha anga kabla haijaonyeshwa hesabu ya saa za mafunzo, walimu, mafundi na vipuri vya miaka kumi ya kwanza. Pili, mazoezi ya pamoja kati ya marubani, waongozaji wa safari na walinzi wa kutungulia ndege yapewe fungu lake lisilohamishika, ili yaliyotokea Musoma yabaki kuwa historia. Tatu, walimu wapewe heshima na maslahi ya kuwafanya wabaki. Rubani mzee aliyestaafu ni jungu kuu, na jungu kuu halikosi ukoko. Asiachwe akae barazani na ujuzi wake. Nne, mbegu ipandwe mapema. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimepewa jukumu la kufundisha fani za usafiri wa anga, lakini rubani na fundi huanzia katika somo la hesabu na fizikia. Mtoto wa Micheweni na mtoto wa Mpwapwa, wa kiume kwa wa kike, wasikose mwalimu wa masomo hayo.

Taifa hili halina fedha ya kushindana na matajiri kwa wingi wa ndege, na halina sababu ya kushindana nao. Lina uwezo wa kuwa na ndege chache zinazoruka kila juma, zenye marubani wanaozijua na mafundi wasioruhusu hitilafu ipite. Jeshi la namna hiyo adui hulifikiria mara mbili. Ndege nyingi zilizofunikwa turubai zinamtisha mhasibu wetu peke yake.